Vidyasagar: Bahari ya elimu iliyovaa makubadhi

Leo tuweke siasa na mpira pembeni kidogo. Nawaletea habari za babu mmoja wa Kihindi ambaye shuleni wengi wetu hatukufundishwa kabisa: Ishwar Chandra Vidyasagar. Kwao Bengal hakuna mtoto asiyemjua.

Mzee huyu maisha yake yote yalikuwa Kisanskriti, lugha ya kale ya India iliyoandikiwa vitabu vya dini, sheria na mashairi ya Wahindu. Usidhani ni lugha ya mbali sana. Sukari unayotia kwenye chai na pilipili unayopaka kwenye mishikaki, majina yote mawili asili yake ni huko huko, yakasafiri kupitia kwa Waajemi na Waarabu mpaka yakafika pwani yetu.

Haya, twende kwenye stori yenyewe. Alizaliwa tarehe 26 Septemba 1820 katika kijiji cha Birsingha. Kwao walikuwa Brahmin, tabaka la juu la dini, lakini mfukoni hamna kitu. Baba yake alikuwa kibarua wa ofisini Calcutta (siku hizi Kolkata) kwa mshahara kiduchu. Dogo alipofika miaka 8 hivi akachukuliwa kwenda mjini, na safari yenyewe ni kwa miguu. Njiani akaona mawe ya maili yenye tarakimu za Kiingereza, akaanza kuuliza hili namba gani, hili namba gani. Baba akamtega kwa kumpitisha jiwe la 6 bila kuliona. Walipofika la 5 dogo akasema waliochonga wamekosea, hapa ilitakiwa iwe 6. Mpaka wanaingia mjini, tarakimu zote ziko kichwani.

Mwaka 1829 akaingia Chuo cha Kisanskriti, akakaa humo miaka 12. Na si kwamba alikuwa amekaa bwenini anahudumiwa. Alikuwa anampikia baba yake na wadogo zake, anaosha vyombo, halafu ndio anashika kitabu. Inasimuliwa kwamba mafuta ya taa yakiisha alitoka nje kusoma chini ya taa za barabarani. Waliosoma kwa kibatari mnaelewa. Alipiga sarufi, fasihi, mantiki, falsafa na sheria, na mwaka 1839 akapewa cheo cha Vidyasagar, maana yake bahari ya elimu. Wakati huo hata miaka 20 hajafikisha!

Wengi wetu tukipata cheti tu kitabu kinafungwa. Yeye mwaka 1841 akawa mwalimu mkuu wa Kibengali katika Chuo cha Fort William, na akiwa huko huko kazini akaanza upya kama mwanafunzi kujifunza Kiingereza na Kihindi. Mwalimu mzima, hakuona haya kukosolewa.

Mwaka 1851 akawa mkuu wa chuo kile kile alichosoma. Hapo ndipo unamjua mtu. Kisanskriti kilikuwa kama ufunguo wa nyumba ya wachache. Yeye akaandika sarufi yake kwa Kibengali chepesi ili wanafunzi wasiteseke kama alivyoteseka yeye, na akawafungulia mlango vijana wa matabaka mengine ambao zamani hawakuruhusiwa. Mwaka 1855 akatoa kitabu cha kujifunzia herufi za Kibengali, Barnaparichay, ambacho watoto wa Bengal wamekitumia kizazi hadi kizazi.

Lakini kazi iliyomfanya atukanwe mitaani ni ya wajane. Enzi hizo binti wa Kihindu wa tabaka la juu aliweza kuozeshwa akiwa mtoto, mume akifa basi. Haruhusiwi kuolewa tena maisha yake yote, hata kama ana miaka 10. Wazee wakisema ndivyo vitabu vilivyoandika. Vidyasagar hakubishana nao kwa kelele. Alikaa na vitabu hivyo hivyo vya Kisanskriti, akachimba mpaka akapata maandiko yanayomruhusu mjane kuolewa. Akapeleka ombi serikalini likiwa na sahihi karibu 1,000. Wapinzani wakaleta zaidi ya 30,000! Hata hivyo sheria ikapita Julai 1856, na Desemba mwaka huo ndoa ya kwanza ikafungwa. Gharama za harusi nyingi za namna hiyo alibeba yeye mwenyewe, madeni yakamwandama miaka. Mwaka 1870 mwanawe wa kiume naye akaoa mjane, mzee akabariki.

Na sifa zote hizo, mavazi yake yalikuwa shuka nyeupe kiunoni, nyingine begani, na makubadhi miguuni, hata mbele ya wakubwa wa Kiingereza. Kuna stori maarufu ya kijana msomi aliyeshuka kwenye treni akitafuta mpagazi wa kumbebea mzigo, akabebewa na mzee asiye na makuu. Baadaye ndio anagundua huyo ni Vidyasagar.

Si kwamba alikuwa malaika. Alikuwa mgumu kama jiwe, akikasirika harudi nyuma. Mwanawe huyo huyo alimfuta kwenye wosia mwaka 1875.

Uzeeni alipenda kukaa Karmatar, kati ya Wasantali, watu maskini wa vijijini. Asubuhi ananunua mahindi yao kwa bei wanayotaka wao, baadaye wakija na njaa anawagawia yale yale. Wagonjwa anawapa dawa bure. Alifariki tarehe 29 Julai 1891 akiwa na miaka 70, ameacha watoto, wajukuu na shule kibao.

Wadau, wasomi tunao wengi. Je, wanaotumia elimu yao kumfungulia mwingine mlango ni wangapi? Wewe mtaani kwenu unamjua babu au bibi wa namna hii? Tupieni maoni hapo chini, matusi hapana.