MAISHA YA PAUL EHRLICH, MUNGANGA ALIYETAFUTA DAWA YENYE KUCHAGUA

Sisi wa Lusenda tunajua jambo hili: mtu akimwaga sumu mtoni apate samaki, anaua wakubwa na wadogo, hata wale asiowataka. Mwenye ndoana anachagua. Dawa nyingi za zamani zilikuwa kama ile sumu. Leo tunawaletea maisha ya mtu aliyetaka ziwe kama ndoana.

Paul Ehrlich alizaliwa tarehe 14 Machi 1854 kule Strehlen, mji uliokuwa wa Ujerumani na leo ni wa Poland. Tangu masomoni alipenda rangi za viwandani. Alizitia katika vipande vya mwili, kisha akatazama kwa mikroskopu. Kumbe rangi moja inashika chembe fulani, zingine inaziacha! Akaanza kuwaza kwamba, kama rangi inachagua, hata dawa inaweza kuchagua. Mwaka wa 1888 akajikuta na kifua kikuu, akaenda Misri kutafuta nafuu, akarudi kazini.

Sasa tusikilize vizuri, maana jambo hili linatugusa. Miaka ile ugonjwa wa usingizi uliua watu wengi sana Uganda, hata kandokando ya ziwa letu Tanganyika ulifika. Mwaka wa 1906 na 1907 Robert Koch alitibu wagonjwa katika visiwa vya Sese, Ziwa Victoria, kwa atoksili, dawa yenye aseniki. Vijidudu vilipungua damuni, lakini wagonjwa wengine wakapofuka kabisa. Dawa ilipiga kijidudu, ikapiga na jicho.

Ehrlich, kule Frankfurt, akashika dawa hiyohiyo, akaigeuza na kuigeuza mara mamia. Mwaka wa 1908 alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi yake juu ya kinga ya mwili. Mwaka wa 1909, yeye na Mjapani Sahachiro Hata waliona kwamba dawa namba 606 inatibu kaswende. Ilianza kuuzwa 1910 kwa jina la Salvarsan. Nayo ilikuwa na hatari zake. Ehrlich alikufa tarehe 20 Agosti 1915.

Je, ndoto yake imefika wapi? Dawa nyingi za kanseri ya mapafu zinasambaa mwili mzima, zinagusa hata chembe nzima. Siku hizi wataalamu wanabebesha dawa katika vipande vidogo mno, nanopatikeli. Mwaka wa 2012 Marekani iliruhusu moja kwa kanseri hiyo: paklitakseli iliyoshikwa na albumini, protini ya damu yenyewe. Vipande vyake zaidi ya 7,000 vinaenea katika mstari wa milimita moja! Haihitaji tena kile kimiminiko cha kuiyeyusha kilichokuwa kikitesa wagonjwa. Lakini nywele bado zinaanguka.

Ndugu wanafunzi, ndoana ile haijamalizika kuchongwa. Kemia tunayoilalamikia darasani ndiyo jiwe la kuinolea.