FIMBO HAIJENGI UJAMAA

Barabara kuu ya zamani, itokayo mpakani Tunduma na kupita Mbeya na Iringa hadi Dodoma, hukatiza Isimani. Huko ndiko alikouawa Dakta Wilbert Kleruu, Mkuu wa Mkoa wa Iringa, tarehe 25 Desemba 1971.

Marehemu alikuwa mwana wa Kilimanjaro, msomi wa shahada ya udaktari, ambaye angeweza kujitafutia starehe. Badala yake alichagua kukitumikia chama cha TANU, kisha akawa Mkuu wa Mkoa, kwanza Mtwara na baadaye Iringa. Azimio la Arusha la 1967 alilishika kwa moyo wote. Hakupenda kukaa ofisini. Aliwafuata wakulima mashambani.

Isimani ilikuwa nchi ya mahindi, yenye wakulima wakubwa wenye matrekta, na wengi wao hawakutaka mashamba yao yaingizwe katika vijiji vya ujamaa. Siku ya Krismasi Dakta Kleruu alimkuta mmoja wao, Saidi Mwamwindi, akilima. Maneno yakazidi. Mwamwindi alidai baadaye kwamba alitukanwa, na husimuliwa kuwa fimbo ya kiongozi ilimgusa. Alichukua bunduki, akamwua, kisha akaipeleka maiti polisi Iringa kwa gari la marehemu mwenyewe. Mwaka 1972 Mahakama Kuu ilimhukumu kifo, naye akanyongwa.

Hatusiti kusema kwamba mauaji yale yalikuwa uovu. Tusi halilipwi kwa risasi. Taifa lilimpoteza mtumishi hodari, na Chuo cha Ualimu Kleruu, Iringa, kinalihifadhi jina lake.

Lakini heshima kwa marehemu haituzuii kujifunza. Mwaka ule ule wa 1971, Mwongozo wa TANU ulikuwa umewakataza viongozi majivuno, dharau na uonevu. Waliouandika walijua kwamba jambo jema huharibika likisukumwa kwa mabavu.

Nasi twawakumbusha ndugu zetu wa Songwe. Tunduma ni mji wa mpakani. Kila siku mwenye madaraka hukabiliana uso kwa uso na mchuuzi, dereva na mkulima mwenye hasira. Mwananchi apingaye ana haki ya kusikilizwa, na akivunja sheria, mahakama ipo. Kiongozi anyoshaye mkono amekwisha kushindwa kwa hoja. Mwananchi naye ashikaye silaha huipoteza haki aliyokuwa akiidai.