James Grant: Alipiga picha Zanzibar 1860, akafika Uzinza bila kamera

Mtu wa Runzewe akifika Dar au Zanzibar, picha ya kwanza kuweka status ni ya bahari. Miguu mchangani, mawimbi nyuma, imeisha hiyo.

Zaidi ya miaka 160 iliyopita kuna msafiri alianza hivyo hivyo: picha pwani, kisha safari ya kuja huku kwetu. Ni James Augustus Grant, yule ambaye swala granti amepewa jina lake.

Grant alizaliwa 11 Aprili 1827 huko Nairn, mji wa pwani Scotland. Mwaka 1846 aliingia jeshi la India, na 1857 akajeruhiwa mkononi kwenye vita vya Lucknow.

Agosti 1860 alitua Zanzibar na rafiki yake John Hanning Speke, wakitafuta chanzo cha mto Nile. Grant ndiye aliyepewa kazi ya kamera. Picha alizopiga pale mjini ni miongoni mwa picha za mwanzo kabisa zinazojulikana za Zanzibar.

Enzi hizo picha ilikuwa shughuli pevu. Unapaka kioo kemikali, unakiweka kwenye kamera kikiwa bado kibichi, halafu unakisafisha haraka gizani. Bara, giza lenyewe ni hema lililofungwa, na joto lote lile.

Baada ya muda Speke aliona kazi hiyo inamuumiza mwenzake, akarudisha vifaa pwani. Grant akabaki na penseli na rangi za maji.

Kutoka Tabora walielekea kaskazini na wapagazi wao, wakiongozwa na Sidi Mubarak Bombay. Haikuwa rahisi. Septemba 1861 msafara wa Grant ulivamiwa na watu wa mtemi Myonga, mizigo ikaporwa. Baadaye sehemu yake ilirudishwa.

Wakapita Uzinza, nchi ambayo leo sehemu yake iko mkoa wa Geita, hadi Karagwe kwa mfalme Rumanika. Huko Grant akaugua mguu, akabaki miezi kadhaa huku Speke akitangulia Buganda. Hata Julai 1862, Speke alipofika Nile inapotoka ziwani, Grant hakuwepo. Alikuwa ametumwa njia ya Bunyoro.

Lakini hakukaa bure. Alichora watu, nyumba na mandhari, akakusanya mimea. Michoro yake ndiyo sehemu kubwa ya picha za kitabu cha Speke cha 1863, na 1864 akatoa chake mwenyewe. Alifariki Nairn, 11 Februari 1892.

Kwa hiyo pwani ilipata picha, sisi tukapata michoro. Mchoro ni mzuri, ila sura ni ile mchoraji aliyoiona yeye. Wazinza waliompokea, na wapagazi waliobeba mizigo yake, wengi wao hatutajua kamwe walifananaje.

Leo kamera hairudishwi pwani, iko mfukoni. Fungua galari yako sasa hivi, hesabu picha za ufukweni. Halafu hesabu za bibi yako.

Kama hana hata moja, unajua cha kufanya wikiendi hii.