William Morris

William Morris (Walthamstow, Essex, 24 Machi 1834 – London, 3 Oktoba 1896) alikuwa mshairi, msanii na msoshalisti kutoka nchini Uingereza. Anajulikana kwa michoro yake ya vitambaa na karatasi za ukutani, na pia kwa kuanzisha chama cha kulinda majengo ya kale.

Maisha

Alizaliwa katika familia tajiri. Aliposoma huko Oxford alianza urafiki wa kudumu na mchoraji Edward Burne-Jones. Mwaka 1856 alijifunza usanifu majengo katika ofisi ya George Edmund Street, na humo alikutana na Philip Webb.

Mwaka 1859 alimwoa Jane Burden, wakapata mabinti wawili, Jenny na May. Mwaka 1861 alianzisha kampuni pamoja na marafiki zake. Ilitengeneza samani, mapambo ya nyumba na madirisha ya vioo vya rangi. Kuanzia mwaka 1871 alipanga nyumba ya kale ya mawe katika kijiji cha Kelmscott, Oxfordshire, karibu na mto Thames.

Utetezi wa majengo ya kale

Wakati huo makanisa mengi ya Uingereza yalikuwa yakikarabatiwa ili yafanane na yale ya Karne za Kati. Wasanifu walibandua lipu ya zamani, wakaondoa sehemu zilizoongezwa baadaye na kujenga nyingine mpya kwa kukisia. Morris aliona kwamba kwa njia hiyo historia ya jengo inafutwa, wala haiwezi kurudishwa tena.

Mwaka 1876 alihuzunishwa na kazi iliyofanyika katika kanisa la Burford. Machi 1877, baada ya kusikia mipango ya George Gilbert Scott kwa kanisa la Tewkesbury, aliandika gazetini kuipinga, na mwezi huohuo chama kikaanzishwa. Msimamo wake ulikuwa kwamba jengo litunzwe kila siku: paa lisivuje, ukuta unaoinama uegemezwe, na kila kilichoongezwa na vizazi mbalimbali kiachwe.

Msimamo huo ulimgharimu, kwa kuwa kampuni yake iliacha kuweka madirisha mapya katika makanisa ya kale, ingawa kazi hiyo ilikuwa imeiletea mapato mengi.

Mfano mzuri ni kanisa dogo la Inglesham, Wiltshire, lililotengenezwa miaka 1888–1889 kwa msaada wake. Hadi leo lina michoro ya ukutani ya nyakati tofauti na viti vyake vya zamani vya mbao.

Kifo na urithi

Alizikwa Kelmscott, chini ya kaburi lililobuniwa na Webb. Chama chake kinaendelea na kazi hadi leo.

Mwaka 1967 sheria ya Uingereza ilianza kulinda maeneo mazima yenye thamani ya kihistoria, si jengo mojamoja tu. Kijiji cha Kelmscott ni mojawapo ya maeneo hayo.