Erik Widmark: Mswidi aliyepiga hesabu ya pombe kwenye damu

Dereva wa lori anaposimamishwa barabarani na kupewa kifaa apulize, hesabu iliyo nyuma ya kipimo hicho inadaiwa sana na Erik Widmark, mkemia aliyezaliwa Helsingborg, Sweden, mwaka 1889 na kufundisha katika Chuo Kikuu cha Lund.

Kabla yake, ulevi ulithibitishwa kwa macho na pua. Daktari alimnusa mtuhumiwa, akamtembeza kwenye mstari, kisha akatoa maoni. Mgonjwa aliyepepesuka angeweza kutiwa hatiani huku mlevi mzoefu akipita.

Mwaka 1922 Widmark alitangaza njia iliyohitaji matone machache tu ya damu. Yaliwekwa kwenye kikombe kidogo ndani ya chupa iliyofungwa, juu ya asidi yenye daikromati. Chupa ikipashwa moto, pombe iligeuka mvuke na kuila daikromati. Iliyobaki ikipimwa, kiasi cha pombe kilijulikana.

Kazi kubwa zaidi ni kitabu chake cha mwaka 1932, alichokiandika kwa Kijerumani. Humo alionyesha kwamba uzito wa mtu uzidishwe kwa 0.68 kwa mwanamume au 0.55 kwa mwanamke, kisha gramu za pombe zigawanywe kwa jibu hilo. Tofauti inatokana na maji ya mwili, ambamo pombe husambaa. Kwenye mafuta haiingii sana. Kila saa ikipita, hupungua takriban 0.15.

Chukua dereva wa kilo 70 aliyekunywa bia nne za nusu lita, zenye kama gramu 80 za pombe, hadi saa 4 usiku. Hesabu inatoa 1.68. Akiwasha gari saa 9 usiku, bado anabeba 0.93, hata kama amelala na kunywa kahawa. Kwa sheria ya Sweden ya mwaka 1941, iliyoweka kikomo cha 0.8, huyo ni mkosaji.

Widmark alifariki mwaka 1945. Namba zake zilitokana na watu wachache, na watafiti waliomfuata waligundua kwamba miili hutofautiana kuliko alivyodhani; ndiyo maana mtaalamu makini akiitwa mahakamani leo hutaja kiwango cha chini na cha juu, hataji namba moja.