Abebe Bikila na Kurudi kwa Aliyeumia



Apitaye Upanga alfajiri, kabla magari hayajaanza kujazana, huwaona vijana wakikimbia kando ya Barabara ya Umoja wa Mataifa. Wengine wamevaa raba walizochagua katika mafungu ya mitumba ya Kariakoo, wengine wamevaa viatu vipya vya bei kubwa. Wote wanatoka jasho sawasawa. Na si mbali na njia hiyo, katika wodi za Muhimbili, wamelala vijana wenzao waliovunjika miguu na migongo, wengi kwa ajali za pikipiki. Umri wao ni mmoja. Yamkini jana aliyelala ndani alikuwa akikimbia nje.

Mara nyingi twawafikiri watu hao wawili, yule akimbiaye na yule alalaye. Kwa hiyo leo twapenda kuwasimulia habari za mtu aliyekuwa yote mawili katika maisha mafupi ya miaka 41. Jina lake lilikuwa Abebe, mwana wa Bikila, wa nchi ya Uhabeshi, tuiitayo sasa Ethiopia. Wazee wetu wamkumbuka kama mtu aliyekimbia bila viatu. Hilo ni kweli, lakini ni sehemu ndogo ya habari yake, tena si iliyo kubwa kuliko zote.

Abebe alizaliwa tarehe 7 Agosti 1932 katika kijiji cha Jato, milimani karibu na mji wa Debre Berhan. Baba yake alikuwa mchungaji, naye mwenyewe alichunga mifugo utotoni. Alipokuwa kijana alishuka Addis Ababa, akaandikwa katika askari walinzi wa Mfalme Haile Selassie. Huko jeshini alionekana na mwalimu wa michezo kutoka Sweden, Onni Niskanen, aliyekuwa akiwafundisha askari kukimbia. Niskanen hakuwa mtu wa kubahatisha. Aliwapima vijana wake kwa saa, akaandika kila kitu, akawapa siku za mwendo mrefu, siku za mbio fupi za kasi, na siku za kupumzika. Mji wa Addis Ababa wenyewe uko juu kupita mita 2,300, mahali ambapo hewa ni nyepesi. Azoeaye kukimbia huko huona nafuu kubwa ashukapo bondeni.

Tarehe 10 Septemba 1960 Abebe alisimama Roma katika Michezo ya Olimpiki, asijulikane na watu. Viatu alivyopewa havikumkaa vizuri, na kwa kuwa alikwisha kuzoea mazoezi ya miguu mitupu, alivivua. Mbio zilianza jioni ili kukwepa jua, zikaisha usiku, na katika Njia ya Appia askari walisimama wameshika mienge kuwaangazia wakimbiaji. Kilomita baada ya kilomita wenzake walibaki nyuma, hata wakasalia wawili tu, yeye na Rhadi Ben Abdesselam wa Moroko. Karibu na mwisho walipita penye nguzo ya mawe ya Aksum, ambayo majeshi ya Italia yaliitwaa Uhabeshi na kuipeleka Roma mwaka 1937. Hapo ndipo Abebe alipoongeza mwendo. Alifika penye Tao la Konstantino kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16, akimtangulia Rhadi kwa sekunde 25. Hivyo askari mdogo kutoka nchi ambayo Waitalia waliivamia mwaka 1935 alishinda katikati ya mji wao mkuu. Nguzo yenyewe ilirudi kwao baadaye sana, mwaka 2005.

Mambo mengine mawili ya mwaka ule yafaa kukumbukwa. La kwanza, mnamo Desemba 1960 wakuu wa kikosi chake walijaribu kumpindua Mfalme, wakashindwa. Abebe hakuwamo katika njama, lakini alikamatwa na kuhojiwa kwa muda mfupi kabla ya kuachiliwa. Sifa haikumkinga na misukosuko ya nchi yake. La pili, siku nane baada ya ushindi wake, katika mji uleule wa Roma, ilifunguliwa michezo ya watu waliopooza, wakishindana katika viti vya magurudumu. Walikuwa watu kama 400 kutoka nchi 23. Abebe hakuwa na sababu ya kuwaangalia, maana mtu mwenye miguu yenye nguvu hupita asitazame kiti cha magurudumu.

Mwaka 1961 alishinda Athens, Osaka na Košice. Mwaka 1963 alikwenda Boston, Marekani, akaongoza kwa kasi kubwa pamoja na mwenzake Mamo Wolde, kisha baridi, upepo na vilima vikamshinda, akamaliza wa tano. Kutangulia si kufika. Alirudi kwao, akaendelea na mazoezi.

Kisha ikaja jeraha lake la kwanza kubwa. Mwezi wa Septemba 1964, akijiandaa kwa Olimpiki ya Tokyo, alishikwa na maumivu ya tumbo, akapelekwa hospitali, akapasuliwa na kuondolewa kidole tumbo. Wiki tano tu zilikuwa zimesalia. Alianza kwa kutembea polepole, kisha akakimbia kidogo, kisha zaidi. Watu wengi waliona kwamba amekwenda Japani kutazama tu. Lakini tarehe 21 Oktoba 1964, safari hii akiwa amevaa viatu na soksi, aliwaacha wenzake wote karibu na nusu ya njia, akakimbia peke yake hadi uwanjani. Muda wake ulikuwa saa 2, dakika 12 na sekunde 11, ambao hapana mtu duniani aliyepata kuufikia kabla yake. Wa pili, Basil Heatley wa Uingereza, alifika dakika nne zaidi baadaye. Naye Abebe alikuwa majanini akinyoosha viungo, kana kwamba angeweza kuanza upya. Hivyo akawa mtu wa kwanza kushinda marathoni ya Olimpiki mara mbili. Tangu hapo wamemfikia wawili tu, Waldemar Cierpinski wa Ujerumani ya Mashariki na Eliud Kipchoge wa Kenya.

Hapa, ndugu wasomaji, twaomba mtusikilize kwa makini, kwa sababu habari ya Tokyo ina hatari yake. Kijana aisikiaye huweza kudhani kwamba jeraha ni jambo la moyo tu, kwamba mwenye ushujaa ataamka kitandani na kushinda. Twawajua vijana waliotupa magongo kabla ya wakati wake kwa sababu waliona haya kuitwa wagonjwa. Maisha ya Abebe mwenyewe yanawajibu. Kovu la tumbo lilikuwa limefunga. Ndiyo sababu alikimbia. Miaka minne baadaye jambo halikuwa hivyo.

Mwaka 1968 alikwenda Meksiko kutafuta ushindi wa tatu. Miguu ilikuwa imemsumbua tangu mwaka uliotangulia. Siku chache kabla ya mbio maumivu ya mguu wa kushoto yalizidi, na waganga wakaona ufa katika mfupa mwembamba wa chini ya goti. Alipumzika, kisha siku ya tarehe 20 Oktoba akaanza pamoja na wengine. Alipokwisha kwenda kama kilomita 16 aliacha. Moyo ulikuwa uleule wa Tokyo, na mwalimu alikuwa yuleyule. Kilichokosekana ni mfupa mzima. Mamo Wolde, mwenzake wa miaka yote, ndiye aliyeshinda, na nishani ikarudi Uhabeshi kwa mkono mwingine.

Siku ileile, katika njia ileile, alikuwako Mtanzania, John Stephen Akhwari, mwana wa Mbulu. Alianguka, akaumia goti vibaya, akafungwa bendeji, akaendelea. Alifika uwanjani giza limekwisha kuingia, zaidi ya saa moja baada ya mshindi, wa mwisho kati ya watu 57 waliomaliza. Nasi Watanzania twamsifu mpaka leo, na ni haki yake. Lakini si haki kumsifu Akhwari kwa kumdharau Abebe. Walikuwa majeruhi wawili katika barabara moja. Mmoja aliona kwamba mwili wake waweza kufika hata kwa kuchechemea. Mwingine aliona kwamba mwili wake umekataa. Kujua jeraha lako lasema nini nako ni ushujaa, ingawa hakuna apigiwaye makofi kwa ajili yake.

Kisha likaja jeraha la tatu, ambalo halikuwa na dawa ya kulifuta. Usiku wa tarehe 22 Machi 1969 Abebe alikuwa akiendesha gari lake dogo, zawadi aliyopewa baada ya ushindi, nalo likapotea njia na kupinduka. Shingo na uti wa mgongo viliumia. Alipelekwa Uingereza, katika hospitali ya Stoke Mandeville, kaskazini-magharibi ya London, akakaa huko miezi mingi. Mwanzoni hakuweza kusogeza mikono wala miguu. Baadaye mikono ilipata nguvu tena, miguu haikupata. Miguu ile iliyotazamwa na ulimwengu mzima haikusimama tena.

Lakini hospitali ile ilikuwa na habari yake. Daktari Ludwig Guttmann, Myahudi aliyekimbia utawala wa Hitler, alianzisha huko mwaka 1944 wodi ya watu walioumia uti wa mgongo. Wakati ule wagonjwa wa namna hiyo walilazwa tu, wakafa kwa vidonda na maradhi ya figo. Guttmann alikataa. Aliagiza wageuzwe kitandani usiku na mchana, wakaketishwa, wakafundishwa kazi, na tena wakapewa michezo kama sehemu ya matibabu. Mwaka 1948 alianza mashindano ya upinde na mishale kwa wagonjwa wake, na mashindano hayo ndiyo yaliyokua hata kufika Roma mwaka 1960. Basi wale watu wa viti vya magurudumu ambao Abebe aliwaacha nyuma yake Roma, sasa alikutana nao, naye akiwa mmoja wao.

Akajifunza upya. Mkimbiaji hutumia miguu na pumzi; mpiga upinde hutumia mabega, jicho na utulivu. Abebe alishika upinde. Mwaka 1970 alishindana Stoke Mandeville katika upinde na katika tenisi ya meza, wala hakushinda. Bingwa wa Olimpiki mara mbili alikubali kuwa mwanafunzi, akishindwa na watu wasiojulikana. Mwaka 1971 alialikwa Norwei, na huko, katika mashindano ya magari ya theluji yavutwayo na mbwa, mwana huyu wa nyanda za juu za Afrika alishinda mbio za kilomita 25. Hapo ndipo aliporudi mashindanoni. Hakurudi mahali alipotoka, alirudi kwa mlango mwingine.

Mwaka 1972 alialikwa Munich kuwa mgeni katika Olimpiki, akashangiliwa na uwanja mzima akiwa ameketi katika kiti chake. Frank Shorter wa Marekani, aliyeshinda marathoni mwaka ule, alimwendea kumpa mkono. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 25 Oktoba 1973, Abebe alifariki Addis Ababa kwa kuvuja damu katika ubongo, matokeo ya ajali ile. Aliacha mke na watoto wanne. Alikuwa na cheo cha kapteni, akazikwa kwa heshima za kijeshi katika makaburi ya kanisa la Mtakatifu Yosefu, mbele ya Mfalme na makumi ya maelfu ya watu.

Twarudi sasa Upanga. Kijana anayeruhusiwa kutoka wodini na kiti cha magurudumu atakwenda wapi? Abebe alikuwa na Mfalme wa kumlipia safari, na alikuwa na jina. Hata hivyo kilichomwinua si jina lake. Ni daktari aliyeamini kwamba mgonjwa wa uti wa mgongo ni mtu aliye hai, ni upinde uliowekwa mkononi mwake, na ni wenzake waliokubali kumshinda bila kumwonea huruma. Mambo hayo matatu hayahitaji hazina ya mfalme. Yahitaji jirani, shule, tajiri mwenye duka, na chama cha michezo kisichoweka ngazi mlangoni mwake bila njia ya kiti.

Mara nyingi nyumba zetu zawaficha watu wa namna hii. Hawafichwi kwa ubaya. Wanafichwa kwa huzuni na kwa aibu isiyo na sababu. Mgeni akija, mgonjwa husukumwa chumba cha ndani. Twawaombeni, mumsukume upande wa pili, kuelekea mlango wa mbele. Na ninyi vijana mkimbiao alfajiri, mkipita karibu na Muhimbili, geuzeni macho kidogo. Abebe alipita miaka tisa kabla ya kuwaona waliokuwa wamekaa. Ninyi mwaweza kuwaona leo.