Abbé Albert Joubert, mtoto wa Moba aliyeuawa Fizi

Wazee wetu wa Pangi wakitaja wakati wa Mulele, wanakumbuka 1964, pale Simba walipoingia Kindu. Mwaka ule ule, kule Fizi, Abbé Albert Joubert aliuawa.

Alizaliwa 1908 Mrumbi, upande wa Moba, kando ya ziwa Tanganyika. Baba yake, kapiteni Joubert, Mfaransa aliyekuwa askari wa Papa, alikuja kulinda misheni na watu wake juu ya wakamata watumwa. Mama yake, Agnès Atakaye, alikuwa mtu wa huku huku. Albert akapata upadri 1935.

Simba walipochukua Fizi, alibaki pale misheni pamoja na mapadri Waxaveri wa Italia. Tarehe 28 novemba 1964, waasi waliua Fratera Vittorio Faccin na Padri Luigi Carrara kule Baraka. Usiku wakapanda Fizi, wakaua Padri Giovanni Didonè na Abbé Albert.

Tarehe 18 agosti 2024, Uvira, wote wanne walitangazwa wenyeheri. Watu wengi wanasema ni wazungu waliokufa pale. Lakini mmoja wao alikuwa mtoto wetu.